Donati zangu waliziita maandazi yaliyotobolewa

Juzi asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro. Anasema: "Dada habari za kazi. Nimefuata vipimo vyako vya donati lakini zangu zinakunywa mafuta mpaka karatasi inalowa chapachapa, halafu katikati mbichi. Nakosea wapi? Nataka nianze kuuza mwezi ujao."

Nilicheka peke yangu jikoni, na sikumcheka yeye. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, jioni ya komunio ya kwanza ya mtoto wa wifi yangu. Kumjibu kwa mistari miwili ningeweza, ila ngoja niwasimulie, maana najua mko wengi humu mnaotaka kutoka kwenye andazi la mia mbili mwende kwenye donati ya elfu.

Mimi nimekulia kwenye maandazi. Mama alichoma kila alfajiri pale Tanga, ya tui la nazi na hiliki, na sisi watoto ndio tuliokuwa tunayapeleka kwa wateja kabla ya shule. Kwa hiyo wifi aliponipigia kuuliza kama naweza kutengeneza donati 60, zile nyororo zenye sukari inayong'aa juu, sikufikiri hata sekunde mbili. Nilimwambia, "Wifi, hiyo kazi ndogo." Kichwani mwangu donati ilikuwa andazi lenye tundu lililopakwa sukari. Kosa langu lote lilikuwa hapo, mengine yalifuata tu.

Misa ilikuwa saa tatu, na mimi nilianza kukanda saa kumi na moja alfajiri. Hamira nilikuwa nayo kabatini, pakiti iliyofunguliwa tangu Pasaka na kukunjwa mdomo kwa kibanio cha nguo. Maji niliyachemsha kabisa, nikijiambia yakiwa ya moto unga utaumuka haraka. Kisha donge likaanza kuninata. Jamani, mkono wa mtoto wa muuza maandazi haukubali unga unaonata! Nikaongeza unga konzi moja, nikaongeza ya pili, nikaongeza mpaka likawa gumu kama la chapati, na nikajisifu kwamba sasa limekaa sawa. Saa moja asubuhi donge lilikuwa palepale nilipoliacha, limelala kwenye beseni kama jiwe la kusugulia miguu. Nikalikata hivyohivyo. Nikiwa kwenye donati ya ishirini, mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 ukaisha, nikahamia jiko la mkaa, na kuanzia hapo mafuta yalikuwa mara yanafuka moshi, mara yamepoa kabisa.

Sherehe ilifanyika uani, turubai la bluu, muziki mkubwa. Watoto waliuma mara moja wakaacha. Wifi yangu akachukua moja, akaiweka jichoni kama darubini, akanitazama kupitia tundu mbele ya wageni wote: "Wifi, haya si maandazi yaliyotobolewa?"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, na huyo nilimnunia mpaka Jumatano. Kuanzia siku hiyo kwenye kundi la familia la WhatsApp jina langu likawa Mama Tundu. Nilirudi nyumbani na zaidi ya nusu ya donati zangu kwenye beseni. Kuku wa jirani ndio walionisitiri.

Miezi minne ya kujaribu nitairuka, ni unga na machozi tu. Ninachotaka mjue ni kwamba donge la donati si la maandazi yale ya nyumbani. Lina mayai, lina siagi, lina maziwa, na linatakiwa liwe laini kiasi cha kukutia wasiwasi. Vipimo vyangu vya sasa, kwa kikombe cha robo lita: unga wa ngano vikombe 4, maziwa kikombe kimoja kisichojaa vizuri, mayai 2, sukari vijiko vya chakula 5, siagi vijiko vya chakula 5, hamira ya chengachenga vijiko vya chai 2 vilivyojaa, chumvi kijiko cha chai kimoja. Unapata donati 14 au 16. Hiliki ukitaka weka, mimi siachi, damu ya Tanga.

Hamira ni kitu hai. Maziwa yawe ya uvuguvugu, chovya kidole, usisikie moto wala baridi. Ukiweka ya kuunguza umeiua kabla haijaanza kazi, na maiti haiumui unga. Koroga hamira na sukari kidogo kwenye hayo maziwa, subiri dakika 10. Ikitoa povu endelea, isipotoa itupe, usiionee huruma pesa yake. Ile ya kwangu ya kibanio cha nguo ningeijaribu hivyo, nisingepata jina la Mama Tundu.

Kukanda ni dakika 10 mpaka 12 kwa mkono, siagi iingie mwishoni, kidogokidogo. Litanata. Liache linate! Paka mafuta kidogo mikononi, usiongeze unga. Ukifika dakika ya nane hivi utaona linaanza kuachia beseni lenyewe. Chukua kipande kidogo kama ndimu, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili kielekee dirishani. Kikinyooka kama ngozi nyembamba, mwanga ukapita bila kuchanika, basi nyuzi zinazoshikilia hewa ya hamira zimejengeka. Kikichanika endelea kukanda. Unga ukizidi, ngozi hiyo huipati kamwe.

Halafu kuumuka. Hapa saa ya ukutani haikusaidii. Hapa Dar mwezi wa kwanza donge langu linajaa maradufu kwa dakika 45. Ndugu yangu wa Njombe mwezi wa sita anasubiri hata saa mbili, na analifunika na blanketi. Angalia donge, usiangalie simu. Wenye friji, lilazeni humo usiku kucha, asubuhi linakatika vizuri na ladha inakuwa nzito zaidi. Mimi kwa oda kubwa nafanya hivyo siku zote. Kuamka saa kumi na moja kukimbizana na misa nimeacha.

Sukuma unene wa sentimita moja na kidogo, kata kwa glasi, katikati tumia kifuniko cha chupa ya maji. Halafu subiri tena, dakika 30 hivi. Kuumuka huku kwa mara ya pili ndiko wengi tunakoruka, na ndiko kunakotenganisha donati na andazi lililotobolewa. Bonyeza pembeni kwa kidole, shimo likirudi polepole na kubaki kidogo, ziko tayari. Likirudi haraka kama mpira, bado. Lisiporudi kabisa, umechelewa, zitanywea na kunywa mafuta. Kingine, kila moja iweke juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea tangu ulipokata. Wakati wa kuchoma izamishe na karatasi yake, itaachia yenyewe, uitoe kwa koleo. Ukiinyanyua kwa vidole hewa yote uliyoisubiri inatoka.

Sasa dada wa Morogoro, mafuta. Nilimuuliza anachoma ngapi kwa mara moja. Nane, kwenye karai la maandazi. Basi jibu ni hilo. Kila donati inayoingia inapooza mafuta, ukitia nane unakuwa unazichemsha, na donati inayochemka kwenye mafuta inayanywa. Mimi naweka tatu. Mafuta yawe kwenye nyuzi 180 hivi. Nilinunua kipimajoto cha jikoni na hicho ndicho kitu pekee nilichonunua kwa ajili ya donati ambacho sijakijutia. Kama huna, zamisha mpini wa mwiko mkavu wa mti, vipovu vidogo vikiuzunguka kwa utulivu ni wakati wake. Vikiruka kwa fujo punguza moto, vinginevyo nje itakuwa kahawia na ndani uji. Dakika moja upande mmoja, dakika moja wa pili, usizichezeechezee.

Zikitoka, zitazame kiunoni. Donati iliyoumuka vizuri ni nyepesi, inaelea juu juu, kwa hiyo pale katikati ya ubavu mafuta hayapafikii sana na panabaki mstari mweupe unaoizunguka kama mkanda. Siku ya kwanza nilipouona ule mkanda niliita nyumba nzima. Mume wangu alikuja na mswaki mdomoni. Akatazama, akasema, "Mbona hapa hazijaiva?" Nilimsamehe, hajui.

Shira ya donati si ile ya kalimati, haipikwi. Sukari ya unga, ile aisingi shuga ya kupambia keki, vikombe 2, maziwa ya moto vijiko vya chakula 4 au 5, vanila kidogo, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, kijiko kimoja cha siagi iliyoyeyuka. Chekecha sukari kwanza. Donati izamishwe ikiwa vuguvugu. Ikiwa ya moto sana shira inateleza yote inaishia kwenye sinia, ikipoa kabisa inakaa nene kama chokaa ya ukutani. Ninapoinyanyua huwa nasubiri kidogo, utepe wa shira unashuka, unakatika, unabaki tone moja chini, nalifuta kwa kidole (na kidole nakijua mwenyewe kinapokwenda). Iweke kwenye waya ikauke. Na tafadhali usifunge boksi kabla hazijapoa, mvuke utailiza ile shira, na kwa hewa ya pwani italia haraka.

Niseme na hili, mnisamehe. Dada zangu, mbona tunapenda sana kuanza kuuza kabla ya kujua? Leo umejaribu mara moja, kesho umeshatengeneza nembo na kuchapisha vibandiko vya boksi. Mimi mwenyewe nilikubali oda ya 60 sijawahi kutengeneza hata moja! Huo haukuwa ujasiri. Kilikuwa kiburi, na kilinirudi mbele ya padri, maana alikuwepo. Lisha kwanza nyumba yako. Lisha majirani mpaka waanze kukuuliza unapika lini tena. Kula na wewe mwenyewe, kisha iache moja mpaka jioni uile ikiwa baridi, kwa sababu mteja wako atakula baridi. Na anayekucheka mwache acheke, lakini rudi nyumbani ukajiulize amecheka nini. Mimi ilinichukua wiki tatu kukiri kwamba wifi alikuwa amesema kweli. Yalikuwa maandazi yaliyotobolewa. Ila angeniambia pembeni, hilo sitalibadilisha.

Mwezi uliopita kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji nilipeleka sinia moja bila kuambiwa na mtu, nikaliweka mezani, nikaenda kukaa mbali. Nilimwona wifi akichukua moja. Akachukua ya pili. Ya tatu akaifunga kwenye kitambaa cha karatasi, ikaingia kwenye mkoba. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Jumanne akanitumia ujumbe, safari hii pembeni, si kwenye kundi. Anataka donati 80 za kuagana na mwenzao kazini, na vile vipira vya katikati nisivitupe, nivizamishe navyo. Mwisho akauliza bei ya ndugu ni shilingi ngapi. Nikamjibu bei ni moja, wifi, elfu, vipira nitakupa bure.

Jioni ileile pesa iliingia yote, pamoja na ya kutolea.