Sauti Ishibe Kabla ya Kufika Kwenye Kompyuta

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakivale aliniandikia baada ya kusikia wimbo wetu mpya redioni. "Jambo dada yangu. Sauti yako imeshiba. Mimi nikijirekodi natoka mwembamba kama uzi. Ulitumia programu gani?" Swali hilo nimeulizwa na wengi, wa Arua, wa Busia, hata wa hapa hapa Kampala, na wote mnaanza na programu. Basi tulimalize hilo kwanza: natumia Audacity, ya bure, kila mtu anaweza kuipakua. Maiki yangu ni ya kushika mkononi, aina ile mnayoiona kanisani na kwenye harusi. Kilichobaki chote kilifanyika kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi.

Mimi ni mtoto wa Busia, nimekulia kwenye kwaya, upande wa alto, yaani sauti ya chini ya wanawake. Nilipohamia Kampala nilijinyima mpaka nikapata pesa ya studio moja ya mjini. Ada ya wimbo mmoja ilikaribia kodi yangu ya mwezi. Chumba kilikuwa na vigae sakafuni na dirisha kubwa la kioo, na prodyuza akanisimamisha mbali na maiki, karibu mita nzima. Nikaimba kwa moyo wangu wote. Nilipomaliza nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake, nikaona kwa macho yangu anavuta mstari wa ikwaleza, ile sehemu ya programu ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba, na kufuta kila kilichokuwa chini ya hezi 300. Hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito. "Naondoa matope," akasema. Akacheza, akasikiliza, akageuka na kuniambia mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu: "Nnyabo, sauti yako haina mwili. Labda uwaandikie wengine nyimbo."

Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Nilirudi Namuwongo nikakaa muda mrefu bila kuimba popote isipokuwa kanisani. Lakini nilipoanza kusoma mambo ya sauti, nilielewa nilichofanyiwa. Noti A iliyo chini kidogo ya C ya kati kwenye kinanda ina hezi 220. Hapo ndipo alto tunaposhinda. Hata mwanamke akiongea tu, msingi wa sauti yake huwa kati ya hezi 165 na 255 hivi. Wa mwanamume, kati ya 85 na 180. Ukifuta chini ya 300 umebomoa msingi wa nyumba ukaacha paa. Mwili ulikuwepo. Yeye ndiye aliyeutupa, halafu akaniuliza uko wapi.

Kwa hiyo dada zangu, mtu akianza kuwasafishia sauti, mwulizeni anakata wapi. Mimi nakata chini ya hezi 80, mara chache nafika 100, ili kuondoa mngurumo wa malori na wa treni ya mizigo inayopita hapa chini. Zaidi ya hapo sigusi mpaka masikio yangu yaniambie.

Sasa umbali, na hapa naomba msome polepole, maana ndipo nilipopata zaidi ya nusu ya ninachowaambia. Maiki nyingi tunazouziwa husikia zaidi upande wa mbele. Maiki za namna hiyo zina tabia moja: kadiri mdomo unavyosogea karibu, ndivyo sauti za chini zinavyopanda. Watangazaji wa vipindi vya usiku wanaijua siri hii, ndiyo maana mtu mwembamba anasikika redioni ana kifua cha mzee wa kijiji. Maiki inayosikia pande zote sawa haina tabia hiyo. Kwa hiyo ubeti wa taratibu nauimba nikiwa vidole vinne tu kutoka kwenye maiki, na kiitikio, ninapofungua kifua, narudi nyuma mpaka shibiri moja. Ukiwa mita nzima, kama nilivyosimamishwa siku ile, unarekodi chumba na wewe uko ndani yake.

Ukiwa karibu hivyo, P na B zitaipiga maiki. Imba "pokea" au "baraka" na kiganja mbele ya mdomo, utaisikia ile pumzi inavyorushwa. Usikimbilie kurudi nyuma. Sogeza maiki kidogo pembeni, ielekee kona ya mdomo, pumzi ipite kando yake. Pia tengeneza kichujio: waya uliokunjwa duara, ukavishwa soksi ya nailoni. Mafundi wa Katwe watakukunjia waya huo ukisubiri, na watakuchomelea na stendi ukitaka.

Chumba nacho kinaweza kukukondesha. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti iliyogonga ukuta ikiifikia maiki baada ya kusafiri sentimita 34 zaidi ya ile iliyotoka moja kwa moja mdomoni, zinapokutana zinafutana kwenye hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea. Hiyo ndiyo ile sauti ya ndani ya boksi mnayolalamikia. Trei za mayai mnazobandika ukutani hazisaidii. Ni nyepesi mno, zinagusa sauti za juu kidogo tu, zile za chini zinapita. Nendeni soko la Owino mkanunue mablanketi mazito ya mitumba. Na yatundikeni nyuma ya mgongo wako wewe mwimbaji, maana huko ndiko maiki inakotazama. Wengi wanaweka kila kitu nyuma ya maiki, upande ambao haisikii vizuri. Muzigo wangu, yaani nyumba yangu ya kupanga, ni chumba kimoja: godoro nalisimamisha nyuma yangu, blanketi kila upande, nguo zimening'inia. Paa ni la mabati, kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei narekodi alfajiri, na mvua ikianza nazima kila kitu. Hakuna programu itakayokutolea mvua ya mabati ndani ya wimbo bila kuondoka na kipande cha sauti yako.

Halafu kuna kurudia. Hapa naona watu wengi wanajidanganya. Ukinakili traki yako, yaani sauti uliyorekodi, na kuibandika juu ya ile ya kwanza, hujapata sauti ya pili. Umepata ukubwa tu, desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hizo ungezipata kwa kupandisha voliamu. Unene unatokana na tofauti ndogo ndogo: silabi iliyochelewa kidogo, noti iliyopungua kidogo sana, pumzi iliyoingia mahali pengine. Hakuna binadamu anayeimba mstari mmoja mara mbili sawasawa, na hiyo ni neema tuliyopewa. Wanamuziki Les Paul na mkewe Mary Ford walikuwa wakipanga sauti ya Mary juu ya sauti ya Mary nyumbani kwao Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966, katika studio za Abbey Road kule London, mhandisi Ken Townsend alibuni njia ya kutengeneza sauti ya pili kwa mashine za tepu, kwa kuwa John Lennon wa bendi ya Beatles alichoka kuimba kila kitu mara mbili. Lennon alikuwa na mhandisi wa kumtengenezea. Mimi na wewe tuna koo, na koo ni bure.

Ninavyofanya: ubeti unabaki na sauti moja, peke yake, ili msikilizaji anijue. Kwenye kiitikio naimba mstari ule ule tena mara mbili, moja naipeleka kushoto, nyingine kulia, na zote nazishusha desibeli 6 mpaka 10 chini ya traki kuu. Kiitikio cha wimbo wetu kinaanza na "Asante, usiku umepita." Sauti tatu zikisema "asante", zile s tatu haziangukii mahali pamoja; kwenye hedifoni utasikia ss-ss-ss, na inachosha sikio. Kwa hiyo traki kuu ndiyo pekee inayotamka s na t kikamilifu. Zile za pembeni nazilegeza, naimba karibu "a-ante, u-iku", ulimi haugusi meno. Ukizisikiliza peke yake hazijakamilika. Zikikaa chini ya traki kuu, hakuna anayegundua kitu, anasikia unene tu. Hili sikufundishwa na studio. Mwalimu wetu wa kwaya kule Busia alikuwa akichagua watu wawili tu katika kila safu wa kutamka s, wengine tunainyamaza, na kanisa zima lilisikika kinywa kimoja.

Chini kabisa naweka traki ya kunong'ona, maneno yale yale bila noti, ndogo sana, na mahali panapofaa naongeza sauti ya oktavo ya chini, noti zile zile kwa sauti nzito zaidi. Wenye bahati ya kuwa na mjomba wa besi nyumbani wamwite aje.

Kompresa, ile inayopunguza sauti inapozidi, naiweka uwiano wa 3 kwa 1, inabana kidogo tu pale ninapopaza. Mwangwi, kidogo. Wakati wa kurekodi vilele vya sauti visizidi desibeli 6 chini ya sifuri, maana sifuri ndiyo mwisho wa kipimo kwenye kompyuta, na kilichopasuka hakishoneki.

Ndugu zangu, nawaambia hivi kwa sababu najua mnachotaka. Mnataka mtu asikie Kiswahili chetu cha Uganda redioni asimame kusikiliza, na mnaambiwa mkanunue hiki na kile kabla hamjafungua mdomo. Msikubali. Pumzi ifanyieni mazoezi kila asubuhi. Simameni wima mkiimba, msiimbe mmekaa kitandani na laptopu mapajani. Na mtu yeyote anayewaambia sauti zenu hazina mwili, mtazameni kwanza alivyoweka maiki.

Kisha sikiliza kwenye simu. Wasikilizaji wetu wengi wako saluni, dukani, kwenye teksi, na spika ni moja. Kuna ujanja unafundishwa sana, wa kunakili traki, kuichelewesha sehemu 10 za elfu ya sekunde, na kuipeleka upande wa pili. Kwenye hedifoni inapendeza, pana kabisa. Kwenye spika moja pande mbili zinaungana na yanatokea yale yale ya ukuta: zinafutana kwenye hezi 50, 150, 250, 350 na kuendelea, pale pale mwili wako ulipo. Traki ulizoimba mwenyewe mara mbili hazifutani hivyo. Kwa hiyo kabla hujaupeleka wimbo popote, weka simu mezani, hedifoni pembeni, ucheze kiitikio. Kikikonda, usiguse kitu kwenye kompyuta. Rudi kwenye maiki, uimbe zile traki za pembeni upya.