Nilimjua kwa Sikio

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma mara mbili kabla ya chai na mara moja baada yake. Umeniuliza kwa nini, katika makumbusho ya marehemu Nyanya yako kule Luanda, Bunyore, mwezi uliopita, watu wote walisimama wakamsimulia, hata yule mzee ambaye hakuna aliyejua alitoka wapi, nami nikabaki katika hema la wakwe bila kutamka neno. Tena umeniuliza, kwa upole ambao haukuficha uchungu wako, kama nilimpenda.

Nitakueleza kwanza jinsi nilivyomjua. Wewe na ndugu zako mlimjua kwa macho na kwa mikono; mlikalia mapaja yake, mlivuta masikio yake, mlilala naye kitanda kimoja. Mimi nilimjua kwa sikio.

Unazijua desturi za kwetu na za kwao, na katika jambo hili Wajaluo na Wanyore hawatofautiani sana. Mama mkwe na mkwewe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakaziani macho, na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe hata usiku uwe wa giza namna gani. Kwetu anaitwa maro, na hata neno hilo hulitamki kwa sauti ya juu. Kwa hiyo tangu nilipomwoa mama yako mwaka 1981, kila Nyanya alipokuja kututembelea katika nyumba ya reli, alifika asubuhi na kuondoka jioni, na saa zote zilizokuwa katikati alizimalizia jikoni pamoja nanyi. Mimi nilikaa sebuleni nimeshika gazeti ambalo sikuwa nikilisoma. Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali moja tu.

Basi, mwanangu, nilisikiliza. Nilimsikia akimwigiza mkaguzi wa tiketi wa treni ya Butere, mwenye sauti ya puani, akimdai nauli kuku aliyekuwa kapuni. Nilimsikia akiigiza mwendo wa kila mchungaji aliyewahi kuhubiri Bunyore, na mama yako akimsihi aache huku mwenyewe hajiwezi kwa kucheka. Nilimsikia akiwafundisha kucheza kwa kupiga sufuria, mpaka jirani akaja kuuliza harusi ni ya nani. Ninajua pia kwamba aliniigiza mimi, namna ninavyokohoa kabla ya kuingia mlangoni, maana kila nilipokohoa ninyi mliangua kicheko kabla sijafika. Mlidhani sikujua. Kicheko chake chenyewe kilianza chini kabisa, kama maji yanayokaribia kuchemka, kikapanda polepole, kisha kikafurika mara moja, na mtu yeyote aliyekuwa karibu alichukuliwa nacho. Nilikuwa nikiuma kona ya gazeti nisisikike. Sikio halizuiwi na adabu. Jicho unaweza kuliinamisha, lakini sikio huliinamishi.

Kisha nilikohoa, nikapita kwenda uani, na nyumba yote ikanyamaza. Kimya kile ndicho nilichokijua mimi katika sura ya Nyanya yako: leso iliyovutwa hadi kwenye paji la uso, na salamu ya mbali iliyoelekezwa sakafuni.

Wewe ulikuwa mkalimani wetu. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa na miaka mitano, ukisimama mlangoni, mguu mmoja jikoni na mwingine sebuleni, ukibeba maneno huku na huku. Ni wewe uliyeniambia kwamba matatu ilipopita kwenye alama ya ikweta pale Maseno, Nyanya aliwaamuru abiria wote wainue miguu wasije wakaukanyaga mstari wa dunia, na kwamba watu wazima waliinua. Nilikupa peremende ili unisimulie tena.

Nawe ndiwe uliyeniletea yule jogoo. Nyanya yako alikuwa mtu wa Ingwe, timu ya mpira ya AFC Leopards, damu na nyama, na miaka ile Ingwe ilipochukua kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, alikuwa akinitumia pole kila mwaka kupitia kwa mama yako, kana kwamba nimefiwa. Ikaja 1987. Gor Mahia, timu yetu Wajaluo, ilitoka sare ya mabao 2-2 kule Tunis, ikatoka sare ya 1-1 hapa nyumbani, ikatwaa kombe la washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, na hapakuwa na timu ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la bara zima. Siku chache baadaye Nyanya alikuja na jogoo aliyefungwa utepe wa kijani mguuni. Ulimkumbatia ukamleta sebuleni, ukasema, "Nyanya anasema huyu leo asubuhi amewika kwa Kijaluo, hawezi tena kukaa Bunyore." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, lakini nilicheka kwa kujifunika mto, na jikoni hakuna aliyenisikia. Sikumtumia hata neno la asante. Nilikuwa nikitafuta jibu linalolingana na mzaha ule, na miaka kumi ikapita nikilitafuta.

Sasa utauliza, kama alivyoniuliza mama yako mara nyingi, kama desturi ile ilikuwa na maana. Sitaki kuihukumu. Ilimlinda mama yako, kwa sababu nyumba ambayo mkwe na mama mkwe wameheshimiana namna hiyo haina mahali pa kuingizia ugomvi, na katika miaka yote ile sikuwahi kupishana naye kwa neno moja. Wazee hawakuwa wajinga. Hata hivyo ninajua nyumba ambazo desturi hiyo iliwekwa kando kwa mbuzi mmoja na mazungumzo ya jioni moja, na hazikuanguka. Mimi nilikuwa na uwezo wa kununua mbuzi. Sikulileta jambo hilo kwa wazee, na kila nilipotaka kulileta nilijiambia kwamba atakayeona haya ni yeye. Huenda aliyeona haya ni mimi. Lakini acha, nimesema sihukumu.

Kuna usiku mmoja ambao hukuuona, kwa sababu ulikuwa shule ya bweni. Ulikuwa mwaka 1997, wakati wa mvua za El Nino. Nyanya alikuja Kisumu kupasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto nalo lilikuwa limeanza kufifia. Mama yako mdogo alimfikisha hospitalini asubuhi, akarudi Luanda kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, na mpango ulikuwa kwamba mama yako angemchukua jioni akitoka kufundisha Ahero. Mto Nyando ukafurika, barabara ikafungwa, mama yako akalala huko huko. Nyanya hakuweza kurudi Luanda, kwa sababu bandeji ilikuwa ifunguliwe kesho yake asubuhi. Palibaki mimi.

Katika matatu niliketi mbele, yeye nyuma. Tuliposhuka, giza lilikuwa limeingia, mvua imepungua ikawa manyunyu, na njia yote hadi nyumbani ilikuwa tope. Alikuwa haoni, mkono wake sikuweza kuushika, na mkalimani hapakuwa. Niliukunja mwavuli, nikamnyoshea ncha moja, akaipapasa akaishika, nami nikashika nyingine, tukaanza kwenda. Tulikuwa tumepiga hatua kama thelathini nilipomsikia akisema, kwa sauti ile niliyoizoea ya nyuma ya ukuta, "Mwavuli, hebu mwambie huyo aliye mbele yako apunguze mwendo. Anakwenda kama mtu wa Gor anayetoroka uwanjani baada ya kufungwa."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mbele yake kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, nimesimama katikati ya tope. Naye aliposikia nacheka, kicheko chake kikaanza kule chini, kikapanda, kikafurika, na mwavuli ukawa unatikisika kati yetu. Njia nzima iliyobaki alizungumza na mwavuli. Aliuambia habari za daktari ambaye mikono yake ilinukia vitunguu, na za mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akisali kwa sauti, akimwombea kwa Mungu hata nesi. Mimi niliujibu mwavuli.

Kisha tukafika. Nyumba ilikuwa kavu, vitanda viwili vitupu, jiko lina makaa. Nilisimama kizingitini nikiwa na neno mdomoni, "Ingia," neno fupi kuliko yote, sikulisema. Nilimpeleka kwa mama jirani aliyekuwa akiuza samaki soko la Kibuye, akalazwa kwenye kochi lililokuwa na springi zilizovunjika, hatua ishirini kutoka mlango wangu. Usiku ule nilisikia watoto wa nyumba ile wakicheka hadi saa tano, na mama yao akicheka kuliko wao. Nililala nikiutazama ukuta. Mtu aliyetoka kupasuliwa, wa umri wake, kwenye kochi. Ukiniuliza ni nini kinachoniuma, si ukimya wangu wa juzi katika makumbusho. Ni kizingiti kile. Naye pengine angekataa kuingia, ninakubali. Lakini ningekuwa nimelisema.

Asubuhi mama yako alifika kwa lori la mchanga, matope hadi magotini, tukaenda sote watatu. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba, mbali kama inavyotakiwa. Nesi alipoondoa bandeji, Nyanya alipepesa jicho mara kadhaa, akautazama mkono wake, akamtazama mama yako, kisha akageuka mlangoni akanitazama mimi, usoni, kutoka nywele hadi kidevu, bila haraka. Leso aliivuta, ndiyo, lakini alichelewa, na ninaamini alichelewa kwa makusudi.

Akamwambia mama yako, "Hebu muulize baba watoto, yule jogoo alikuwa mtamu?"

Hapo ndipo nilipomjibu mwenyewe, bila mtoto, bila mwavuli, nikasema, "Alikuwa mtamu sana, Mama." Nje ya salamu, hilo ndilo neno pekee nililowahi kumwambia ana kwa ana. Kule Luanda nililishika mdomoni mchana kutwa, nikiwatazama wanaosimama mmoja mmoja, lakini sikuona ni nani angelielewa.

Mama yako anakusalimu. Uje Desemba, na watoto.

Baba yako