Maswali ya Wasomaji: Mwaka 1258, Baghdad hadi London

Kitabu kimoja kinasema Baghdad ilianguka mikononi mwa Wamongolia mwaka 656, kingine 1258. Kipi sahihi?

Vyote viwili. 656 ni mwaka wa Hijria. Ili kupata wa Miladia, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 656 × 0.97 ni 636.32, ukijumlisha unapata 1258.32. Acha desimali. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, maana mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 na huanza popote ndani ya mwaka wa jua. Mwaka 656 ulianza Januari 8, 1258, kwa hiyo miaka hiyo miwili inakaribia kulingana. Khalifa al-Musta'sim alijisalimisha tarehe 4 Safar (Mfunguo Tano), yaani Februari 10.

Jihadhari zaidi na hati za Uingereza. Huko mwaka ulihesabiwa kuanzia Machi 25, hivyo Februari hiyo hiyo wao waliiandika 1257.

Mji mkubwa vile uliangukaje kwa siku chache?

Mambo yaliharibika kabla kuta hazijaguswa. Katikati ya Januari jeshi la khalifa lilitoka kupigana magharibi ya mto Tigris. Usiku Wamongolia wakabomoa kingo za mifereji, maji yakafurika nyuma ya jeshi hilo, njia ya kurudi ikafungika. Waliosalimika walikuwa wachache, na mji ukabaki bila watu wa kutosha kulinda kuta.

Mzingiro wenyewe ulianza Januari 29. Hulagu, kiongozi wa Wamongolia hao, alizungusha handaki na boma, kisha akafunga mto kwa madaraja ya mashua, juu na chini ya mji, ili asitoroke mtu kwa maji. Shida yake ilikuwa kukosa mawe ya kurusha: Baghdad imekaa juu ya udongo wa mto. Mawe yakaletwa kutoka milima ya Hamrin, na mitende ikakatwa vipande vya kurushwa kwa mitambo. Ukuta wa mashariki haukustahimili. Uporaji ulianza Februari 13, na khalifa akauawa Februari 20.

Ile habari ya Tigris kuwa nyeusi kwa wino wa vitabu vilivyotupwa mtoni msiitumie kama ushahidi. Ni masimulizi ya baadaye. Vitabu viliangamia kweli, na ni hasara ya kuliliwa mpaka leo, ila Nasir al-Din Tusi, mwanafalaki aliyefuatana na Hulagu, aliokoa vingi. Vilipelekwa Maragha, katika Iran ya leo, ambako kituo cha kutazamia nyota kilianza kujengwa 1259.

Je, njaa ya London mwaka huo ililetwa na vita hivyo?

La. Tazameni kisiwa cha Lombok, Indonesia, ambako volkano ya Samalas ililipuka mwaka 1257 na kurusha gesi ya salfa angani kufikia kilomita 40 hivi. Majivu huanguka mapema, lakini salfa hugeuka matone madogo mno ya asidi yanayoelea juu ya mawingu, ambako mvua haiyafikii, na kurudisha mwanga wa jua kwa mwaka na zaidi. Salfa hiyo imekutwa kwenye barafu ya Greenland na ya Antarctica pia, jambo linaloonyesha mlipuko wa ukanda wa tropiki. Mlima wenyewe ulitambuliwa 2013.

Hata hivyo msiitwike volkano kila kitu. Mavuno ya Uingereza ya 1257 yalikuwa tayari yameharibiwa na mvua; baridi ya 1258 ilikuta maghala matupu.

Matukio gani ya mwaka huo yanahusiana kweli?

Ulizeni nani aliamuru na nani alidaiwa. Januari hiyo hiyo Wamongolia wengine waliingia Thang Long, mji mkuu wa Dai Viet (Vietnam ya leo), wakakuta umehamwa na chakula hakitoshi, kisha wakafukuzwa. Mkuu wa majeshi yote mawili alikuwa Möngke, kaka yake Hulagu.

Kiungo kingine ni Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia. Mfalme Henry III wa Uingereza alikuwa ameahidi kumlipa Papa fedha nyingi ili mwanawe Edmund apewe ufalme huo. Deni likamshinda, na Juni, huko Oxford, mabwana wakubwa wa Uingereza wakamlazimisha kutawala na baraza la watu 15. Agosti 10, Manfred, hasimu wa Papa, akavishwa taji la Sicily mjini Palermo. Oktoba, barua ya Henry ya kuyakubali masharti ya Oxford ikatangazwa kwa Kifaransa na pia kwa Kiingereza, lugha ambayo wafalme hawakuwa wameiandikia hati kwa muda mrefu.