Unataka kuvalisha waigizaji? Nunua daftari kabla ya cherehani

Juzi niliweka picha za mavazi ya tamthilia tunayorekodi hapa Moshi, na ujumbe ukamiminika kama kawaida. Pongezi nyingi, watu wawili watatu wakiuliza bei ya gauni la mhusika mkuu (haliuzwi jamani), halafu binti mmoja wa Usa River. Amemaliza ushonaji VETA. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Mimi nina jicho la mavazi, kila nikivaa watu wananisifia. Nianzie wapi ili niwe kama wewe?"

Marahaba mdogo wangu. Jicho sikukatalii. Ila kusifiwa ukivaa ni jambo moja, na kumvalisha mtu mbele ya kamera ni jambo jingine kabisa.

Mimi nimetokea kwenye harusi. Maharusi, sendofu, watoto wa kipaimara, kamati nzima za kina mama wanaotaka kitenge kimoja mishono tofauti, wote nimewavalisha. Siku moja prodyuza fulani alikimbiwa na mtu wake wa mavazi, mtu akanitaja, nikapanda Coaster kwenda Arusha na pasi yangu na kopo la pini. Nilijua naenda kupamba watu. Nikakuta ni kazi ya ukarani.

Filamu hairekodiwi kwa mtiririko wa hadithi. Nyumba ikishakodiwa, sini zote, yaani matukio yote, za nyumba hiyo zinapigwa kwa mkupuo, hata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ni ya mwisho. Sasa mama anatoka mlangoni kwa hasira, sini inayofuata yuko barabarani. Kwenye televisheni ni sekunde tatu. Kwetu sisi mlango uko Njiro, barabara iko Tengeru, na katikati zimepita siku kadhaa na mwigizaji amesuka upya. Kilemba fundo lilikaa kushoto au kulia? Kanga ya begani ilining'inia mpaka wapi? Ukimuuliza mwigizaji atakujibu kwa uhakika kabisa, na atakuwa amekosea.

Kwa hiyo unaandika. Vifungo vingapi vilikuwa wazi, mkono wa shati ulikunjwa mara ngapi, saa mkono upi, tope lilifika wapi kwenye suruali. Unampiga picha mbele, nyuma na pembeni kabla ya sini na baada ya sini. Picha za simu ni nzuri, lakini simu huibwa, hujaa, huzima. Daftari halizimi. Na kabla ya yote hayo unasoma muswada kalamu mkononi na kuugawa kwa siku za hadithi: Jumatatu ya hadithi amevaa nini, lini anabadilisha, lini analala na nguo alizoshinda nazo. Nimeshafanya kazi na stailisti wa mjini aliyekuja na masanduku sita ya nguo na hajasoma hata ukurasa mmoja. Mfanyakazi wa ndani akaosha vyombo na kucha bandia. Watazamaji walitucheka, na walikuwa na haki.

Tuje kwenye mitumba, maana najua ndiko moyo wako uliko. Memorial na Kiborloni kwa sisi wa Moshi, Kilombero na Krokoni kwa ninyi wa Arusha. Nguo ya mtumba ina raha yake: imeshafuliwa, imepauka kidogo, imekaa mwilini kwa mtu, na kamera inaipenda. Tatizo ni kwamba iko moja tu. Kuna sini moja kijana anachomwa kisu tumboni. Nilikuwa nimempatia shati la bluu zuri ajabu, la shilingi elfu nne, la mtumba. Nikamuuliza muongozaji, tukio hili tutalirudia mara ngapi? Akacheka, akasema mpaka litoke. Nikaliweka lile shati kando. Nikanunua kitambaa cha jora, fundi wangu wa Majengo akashona mashati manne yanayofanana mpaka vifungo. Tukayazeesha yote kwa pamoja: msasa kwenye kola na kwenye viwiko, kuyaloweka kwenye chai ya rangi, kuyaanika jua kali, na mawe madogo mifukoni usiku kucha ili mifuko ilegee. Teki ya tatu ndiyo ilitoka. Tungekuwa na shati moja, siku ingeishia hapo na posho za watu wote zingekuwa juu ya kichwa changu.

Kanga ina nafuu, kwa sababu inauzwa doti. Kipande kimoja kinavaliwa, cha pili kinakaa kwenye mfuko kikisubiri cha kwanza kimwagikiwe mchuzi. Lakini soma jina lake! Mtanzania akiona kanga kwenye skrini anaisoma kwanza, mambo mengine baadaye. Nimeona kwenye filamu mjane analia amejifunga kanga ya mipasho.

Mengine utayajua kazini. Mistari myembamba inachezacheza kwenye kamera. Nyeupe pee inameremeta kuliko uso wa mtu. Kitambaa kinachochakacha kitakugombanisha na mtu wa sauti, na mtu wa sauti ndiye hushinda.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilifanya filamu fupi ya zama za kahawa, mlimani, miaka ya 1960. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933, ilikuwa bado ndiyo roho ya uchumi wa Wachaga, na hadithi yenyewe ilimhusu mzee wa chama. Hakuna duka linalouza nguo za zama hizo. Nilikwenda kwa mabibi, Machame na Old Moshi, nikaomba albamu. Picha za studio, picha za kipaimara, baba amesimama na koti zito la suti lililompwaya mabegani, mama na gauni lililobana kiunoni na soksi nyeupe. Bibi mmoja alinieleza kitambaa cha gauni lake mpaka bei. Nilishona, nikatafuta viatu, nikanyoosha kola kwa pasi ya mkaa ili zikae zilivyokaa kwenye picha.

Siku ya uzinduzi nilimpeleka mama yangu. Majina yakaanza kupita. Kwenye "Mavazi" lilipita jina la ndugu wa prodyuza, aliyekuja lokesheni kupiga picha na kula. Mama akaniuliza, na hanong'oni mama yangu: "Mbona jina lako sijaliona?" Nikamwambia limepita haraka.

Nguo zenyewe hazikurudi. Niliambiwa "utajulikana." Kwa jina la nani?

Watu wa Arusha wanapenda sana kusimulia habari za John Wayne, yule mwigizaji wa Hollywood, na filamu ya Hatari!, iliyorekodiwa huku kwetu na kutoka 1962. Faru, twiga, Momella, kila mzee ana lake. Mimi huwa nasema, angalieni majina mwanzoni: mavazi ni Edith Head, mama aliyepata tuzo nane za Oscar za mavazi katika maisha yake. Zaidi ya miaka sitini, na jina lipo. Halafu kuna Ruth E. Carter, aliyepata Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa filamu ya Black Panther na nyingine 2023. Wale askari wanawake wa Black Panther, wekundu wao na shanga zao, Wamaasai wamo ndani yake. Alisoma, akauliza, akachagua. Sisi tunaopishana na Wamaasai kila siku Ngaramtoni tunamvisha kila Mmaasai wa tamthilia shuka moja nyekundu ya duka la watalii, basi. Vijana waliotoka jandoni huvaa nyeusi na kujichora nyeupe usoni. Wasichana, wazee, kila rika lina lake. Nenda ukawaulize wenyewe, wapo.

Kwa hiyo andikishana. Jina lako litaandikwaje na wapi. Nguo ni mali ya nani baada ya kurekodi. Ikiungua au ikipotea analipa nani. Na fedha ya kununua mavazi isichanganywe na ujira wako, maana wakizichanganya, utakayebaki na njaa ni wewe. Prodyuza akikwambia "sisi ni familia," andikishana naye haraka zaidi. Vijana wa siku hizi mnaona haya kudai karatasi, mnaogopa kuonekana wajeuri. Acheni hayo. Andika, mdogo wangu. Andika kila kitu.

Tena usije na cherehani, mafundi ninao. Mwezi ujao nahitaji msaidizi mmoja. Chukua filamu yoyote ya Kibongo, mfuate mhusika mmoja mwanzo mpaka mwisho, uandike kila alichovaa na kila walipokosea, kisha uniletee Moshi. Chakula ni wali maharage, malipo si makubwa, na tutasainiana siku hiyo hiyo kabla hujashika pasi.