Mtaa mzima ukinukia mchaichai, ujue mafuta yameshaondoka

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Muheza, Tanga. Nina ekari mbili, na nusu ekari nimeshapanda mchaichai tangu masika ya mwaka jana. Aliyeniuzia vipando aliniambia ekari moja inatoa lita 200 za mafuta kila mavuno. Nilikata kilo 30, nikazianika juani siku mbili kwenye turubai kama alivyonielekeza, kisha nikazichemsha kwenye pipa la lita 200 lenye bomba linalopita kwenye ndoo ya maji. Nilichochea kuni saa saba. Mtaa mzima ulinukia, na maji niliyopata, kama lita 20, yana harufu kali sana, lakini mafuta yaliyoelea juu hayakuzidi vijiko viwili vya chakula. Sasa yule bwana anasema tatizo ni pipa, ninunue mtambo wake wa lita 1000. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Kwa nusu ekari hiyo mtambo utakuwa pambo la uani, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Kwanza hilo la mtaa kunukia. Swali lako huletwa kila msimu, hubadilika jina la wilaya tu, na karibu kila mwenye kuuliza hutaja harufu kana kwamba ni dalili njema. Ndugu yangu, harufu iliyozagaa mtaani ni mafuta yako yaliyotoka kwenye pipa yakiwa mvuke, yakakosa ubaridi wa kuyarudisha kuwa kimiminika, yakaenda zake. Mtu anayetoa mafuta vizuri huwa hasumbui majirani. Pua hunasa mchaichai hata ukiwa kidogo mno, kwa hiyo pua si mzani. Hata hayo maji yenye harufu kali, lita moja hubeba gramu moja hivi ya mafuta au pungufu. Lita zako 20 zimekula gramu kumi na kitu, nawe unaziona ni hazina kwa sababu zinanukia.

Sasa tupime. Majani mabichi ya mchaichai hutoa mafuta kati ya asilimia 0.2 na 0.4 ya uzito wake, na yakinyaushwa vizuri yanaweza kusogea kidogo juu ya hapo. Chukua 0.3. Kilo 30 mara 0.3 kwa mia ni gramu 90, na kwa kuwa mafuta haya ni mepesi kuliko maji, hizo ni kama mililita 100. Wewe umepata vijiko viwili, yaani mililita 30. Kwa hiyo shamba lako halijakuangusha na pipa si dogo. Mililita 70 zimepotea njiani, na nyingi zimepotelea kwenye ndoo.

Ndoo hiyo ndiyo ningependa kila mwenye pipa aielewe. Ili mvuke wa lita moja ugeuke kuwa maji ya vuguvugu, unahitaji kama lita 26 za maji ya kupozea yanayoingia yakiwa na nyuzi 27 na kutoka yakiwa na nyuzi 50. Ndoo ya lita 20 isiyobadilishwa maji huwa imeanza kuchemka yenyewe baada ya kupoza lita mbili na nusu tu za mvuke. Ukitaka kukusanya lita 15, andaa karibu lita 400 za maji yanayotembea: simtanki imewekwa juu, maji yanaingilia chini ya chombo cha kupozea na kutokea juu, kisha yanapoa kwenye bwawa au pipa jingine na kurudishwa. Shika bomba pale linapotokea. Likiwa la moto kiasi cha kuondoa mkono, punguza kuni hapo hapo. Kinachodondoka kiwe cha vuguvugu, wala kisiambatane na moshi mweupe. Na viungo vya bomba na mfuniko vizibwe kwa unga wa ngano uliokandwa na maji. Ni rahisi, na hufanya kazi.

Jua nalo lina sehemu yake. Aliyekwambia uanike siku mbili kwenye turubai amekupotosha. Majani ya mafuta hunyaushwa kivulini, yametandazwa kwa tabaka jembamba, kuanzia jioni hadi asubuhi, siku nzima ikizidi sana. Lengo ni kupunguza maji ili pipa lipokee majani mengi zaidi kwa mzigo mmoja. Ukiyaacha juani, mafuta yanaanza kuondoka kabla hujawasha kuni. Ukiyarundika kwenye gunia usiku kucha, yanapata joto na kuchacha, na mafuta yake yatakuwa na harufu ya nyasi zilizooza ambayo haiondoki tena.

Saa saba za kuni ni hasara ya kuni. Mvuke ukishaanza kutoka vizuri, sehemu kubwa ya mafuta hutoka ndani ya saa ya kwanza, na saa mbili hutosha kwa pipa kama lako. Usiniamini kwa maneno: pokea matone kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, ubadilishe chupa kila dakika 20, uzipange. Utaona tabaka la njano likipungua chupa hadi chupa. Ikifika chupa ambayo juu yake kuna duara jembamba tu, zima moto. Majani yakae juu ya wavu, kiganja kizima juu ya maji, yakiwa yamekatwakatwa na kushindiliwa sawasawa pembeni na katikati. Ukiacha uwazi upande mmoja, mvuke utapitia hapo na kuacha nusu ya majani haijaguswa. Hayo maji yenye harufu usiyamwage wala usiyauze kama dawa. Yarudishe chini ya pipa kwa mzigo unaofuata, gramu zake zitajitokeza. Tena kama pipa ni la chuma cha kawaida, mafuta yataingia weusi. Ubadilishaji unaostahili fedha ni huo: chombo na bomba la chuma kisichoshika kutu, hata kiwe cha lita 200 zile zile.

Tuje kwenye lita 200 kwa ekari, maana hapa ndipo uongo ulipojificha. Lita 200 ni kama kilo 178 za mafuta. Kwa asilimia 0.3, unahitaji karibu tani 59 za majani kwa mkato mmoja. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60 ina mashina kama 11,000, kwa hiyo kila shina litoe zaidi ya kilo tano za majani kila baada ya miezi mitatu. Nenda shambani sasa hivi, kata shina moja, lipime. Shamba la kawaida linalotunzwa hutoa kama tani 10 za majani mabichi kwa ekari kwa mwaka mzima, yaani robo kilo hivi kwa shina kwa kila mkato, katika mikato minne. Hizo ni kilo 30 za mafuta kwa ekari kwa mwaka, lita 34 hivi. Nusu ekari yako ni lita 17. Kwa mwaka.

Mtambo wa lita 1000 humeza kama kilo 200 za majani kwa mzigo. Tani tano za nusu ekari yako ni mizigo 25, na kwa mizigo mitatu kwa siku umemaliza kazi ya mwaka kwa siku nane au tisa. Siku nyingine zote mtambo umelala na deni linaamka. Hata kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hakitegemei mchaichai peke yake: hutoa mafuta ya makonyo ya karafuu na mimea mingine pia. Kama majirani zako watano wana mchaichai, mnaweza kuzungumza habari za mtambo wa pamoja. Peke yako, hapana. Mtambo hautengenezi mafuta. Hutoa yale yaliyokwisha kutengenezwa na jani, basi.

Na jani huyatengeneza kwenye jua, si kwenye kivuli. Ukipanda chini ya michungwa, utapata majani marefu mazuri yenye mafuta kiduchu. Mkato wa kwanza ni miezi minne hadi sita baada ya kupanda, kisha kila siku 60 hadi 90. Ukichelewesha mkato, majani hukauka ncha na mafuta hupungua. Kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Wanaokata kwa panga hadi chini wakidhani wanaongeza kilo wanaongeza mashina yasiyo na mafuta ya maana na kuua machipukizi. Kata umande ukishakauka, wala si siku ya mvua. Baada ya kila mkato palilia, weka samadi au urea kidogo udongo ukiwa na unyevu, maana kila tani unayoondoa imebeba naitrojeni. Mabaki ya pipani yarudi shambani kama matandazo. Ardhi inayotuama maji huozesha mashina. Baada ya miaka minne au mitano, ng'oa na upande upya.

Kabla ya yote, hakikisha ulichouziwa ni mchaichai wa chai. Kuna ndugu yake, ule wa kufukuzia mbu, na wauzaji wa vipando huuchanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana. Bandua majani ya chini ya shina: la kufukuzia mbu mara nyingi huwa na wekundu au zambarau karibu na mzizi, na ukilifikicha jani linanuka kama sabuni ya kufulia kuliko ndimu. Mafuta yake yana soko lake, lakini si hili. Na yeyote anayekuuzia "mbegu" za mchaichai wetu wa nyumbani, *Cymbopogon citratus*, mwulize alizitoa wapi, maana mmea huo ni nadra kuchanua na hupandwa kwa kugawa mashina. Aina zinazotajwatajwa za India, kama Sugandhi ya kituo cha Odakkali kule Kerala, ni za jamii nyingine, *Cymbopogon flexuosus*. Ni nzuri, lakini jina kwenye pakiti halithibitishi kilichomo.

Kwa nusu ekari, ningekushauri uanze na majani makavu ya chai. Kilo tano mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Osha, kata vipande vya sentimita moja, kausha kivulini penye upepo au kwenye kaushio lisilozidi nyuzi 45, mpaka jani livunjike likikunjwa. Rangi ibaki kijani. Likigeuka kahawia limepigwa na jua au limekaa na unyevu, na mnunuzi wa chai ataliona kabla hajanusa. Kwa kufungasha, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha, na alama ya ubora ni ya TBS, shirika la viwango. Kuna watu wanaokausha mabaki yaliyokwisha kutolewa mafuta na kuyauza kama chai. Ni wizi, na mnywaji hugundua kikombe cha kwanza.

Hili sasa si lako peke yako. Mtu anayeuza vipando, anayeuza mtambo na anayeahidi kununua mafuta yako akiwa mtu yule yule, biashara yake ni wewe, mafuta ni kisingizio. Dai mkataba wenye kiasi, bei na kiwango. Wanunuzi wengi wakubwa huulizia citral, kiini cha harufu ya ndimu, na mara nyingi hutaka isipungue asilimia 75. Hupimwa maabara kwa kromatografia ya gesi. Asiyeulizia karatasi ya maabara huenda hana mpango wa kununua. Na anayekufundisha kuloweka majani kwenye mafuta ya nazi kisha kuandika "mafuta asilia ya mchaichai" anakufundisha kughushi. Tone la mafuta halisi kwenye karatasi nyeupe huyeyuka na kuacha alama hafifu au kutoacha kabisa. La mafuta ya nazi huacha doa la chapati. Kipimo hicho hakinasi citral ya kiwandani iliyochanganywa, hiyo ni kazi ya maabara.

Wanaoyauza matone ya kunywa kwa saratani, presha na sukari wanacheza na maisha ya watu. Citral isiyochanganywa huunguza ngozi na huweza kuleta mzio wa kudumu. Kwenye mafuta ya kupaka isizidi nusu asilimia, na kunywa isinywewe kabisa.

Mkato wako ujao, fanya hivi: kilo 30 zilizopimwa mbichi, usiku mmoja kivulini, maji ya kupozea yanayotembea, saa mbili. Andika uzito wa majani na wa mafuta. Acha mafuta yatulie siku nzima, uondoe maji yaliyobaki chini, chuja, jaza chupa nyeusi hadi shingoni, weka mahali pa baridi. Chupa ya soda isihusike. Ukipata mililita 80 au zaidi, niandikie tuzungumze habari ya kupanda ekari moja na nusu iliyobaki. Ukipata 30 tena, nitumie picha ya bomba lako.