Azola na gugumaji kwa kondoo: niliyoyaona Likoni

Ndugu yangu, umeuliza kama kondoo wako wanaweza kuishi kwa azola, ule mmea mdogo unaoelea juu ya maji, na gugumaji tu, maana robota la nyasi kavu limepanda bei na hapa Mombasa pa kuchungia hapapatikani. Nafuga kondoo na mbuzi Likoni, na azola ninayo mwaka wa nne sasa. Kwa azola tupu, hapana. Nyasi ndiyo wali, azola ni kitoweo.

Piga hesabu mwenyewe. Azola mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kilo moja ikikauka hubaki gramu 50 hadi 70 hivi. Kondoo wa kilo 30 anataka karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Ungembebea kama kilo 15 hadi 20 za azola kila siku, na bado angekosa nyuzinyuzi za kumfanya acheue. Lakini hicho kidogo kinachobaki kina protini ya asilimia 20 na zaidi, na protini ndiyo inayotutoa pesa dukani. Mimi humpa kila mmoja nusu kilo mbichi, nimeisuuza mpaka harufu ya samadi iishe, nimeichanganya na pumba au machicha ya nazi ya siku hiyohiyo. Machicha yaliyolala huchacha, usiyatumie. Anza na kiganja kimoja na uongeze polepole kwa wiki mbili, tumbo lizoee.

Kidimbwi changu ni turubai ndani ya shimo, udongo uliochekechwa, samadi ya ng'ombe iliyokorogwa, na maji ya kina cha nusu shubiri. Mbegu ya kwanza ilikufa yote kwa sababu nilitia maji ya kisima, na visima vyetu wengi mnavijua vilivyo na chumvi. Siku hizi natumia maji ya mvua ya tangi. Juu nimeezeka makuti, kwa kuwa jua la kaskazi huigeuza nyekundu na ikasimama kukua. Ikizidi usiimwage mtoni wala mtaroni; huzaana upesi ikafunika maji yote.

Gugumaji nalo wanyama hula, ila likatwe mizizi, lianikwe siku moja au mbili linyauke, ndipo lichanganywe na nyasi. Hapa naomba unisikilize sana. Mwaka wangu wa pili nilikosa nyasi, nikawa nakata majani kando ya bwawa lenye konokono upande wa bara na kuwapa mabichi. Miezi mitatu hivi baadaye kondoo wawili walikonda, macho yakapauka ndani, na chini ya taya pakavimba kama mfuko wa maji. Daktari wa mifugo akasema ni minyoo ya ini. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kujibandika kwenye majani ya majini, mnyama akayameza. Mmoja alikufa, na iliniuma kwa sababu mkono uliomlisha ulikuwa wangu.

Jambo la pili ni mahali maji yanapotoka. Mimea hii hunyonya madini mazito yaliyomo majini, ndiyo maana watu huitumia kusafisha maji machafu. Shaba ni mojawapo, na kondoo hawaivumilii kama mbuzi wanavyoivumilia: hujikusanya kwenye ini la kondoo kimyakimya mpaka siku anapoanguka. Usikate chochote kwenye mitaro ya viwandani wala panapoingia maji ya vyoo, hata kiwe kibichi cha kuvutia namna gani.

Na kwa kuwa umeandika kwamba tayari umewapa majani ya bwawani wiki kadhaa, yasimamishe leo. Kesho asubuhi funua kope la chini la kila kondoo. Ndani panatakiwa pawe pekundu. Ukiona weupe, au uvimbe chini ya taya, mwite daktari wa mifugo na umweleze majani uliyatoa wapi, kwa sababu dawa nyingi za minyoo ya kawaida hazitoshi kwa hawa wa ini.