Mdogo wangu yuko mahabusu na anatokwa na uchafu. Ni choo?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 24, yuko mahabusu mwezi wa nne sasa. Nilipokwenda kumwona alininong'oneza kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu na anawashwa sana. Wenzake wanasema ni gono la choo, maana wanatumia kimoja watu wengi. Nimpelekee dawa gani? (Dada mtu, Morogoro)

JIBU: Pole sana dada. Usimpelekee dawa yoyote kwanza. Wadudu wa kisonono hufa upesi wakiwa nje ya mwili, hawakai kwenye sinki la choo wakimsubiri mtu. Mara nyingi mwanamke anaingia gerezani akiwa tayari na maambukizi, hana dalili yoyote, kisha yanajitokeza akiwa ndani.

Kwa ulivyoeleza, nashuku zaidi trikomona, kijidudu kinachoambukizwa kwa ngono na kinachoweza kukaa ukeni miezi mingi kimya. Si kigeni: Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 mwaka 2020. Uchafu wake huwa wa njano au kijani, wakati mwingine una povu. Ukiwa mweupe kama maziwa ya mgando, bila harufu, hiyo ni fangasi. Ukiwa mwepesi wa kijivu, unanuka kama samaki, ni bakteria wa ukeni waliovurugika. Haya mawili ya mwisho hayahesabiwi kuwa magonjwa ya zinaa, na kujiosha ndani kwa sabuni huyachochea, kwa hiyo aache.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Ute kidogo unawekwa kwenye kioo pamoja na tone la maji ya chumvi, unatazamwa kwa darubini, na trikomona wanaonekana wakijongea kwa kurukaruka. Lakini lazima utazamwe papo hapo. Ukipelekwa maabara ya mbali, unafika umepoa, hawajongei tena, na majibu yanarudi kwamba hana kitu wakati anacho. Dawa yake ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Haitibu kisonono wala klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa), ndiyo maana nimekukataza kununua kwa kubahatisha.

Apimwe pia VVU na kaswende. Kaswende ni tone la damu ya kidole na dakika chache. Kama ni mjamzito asikubali kukosa kipimo hiki, kwa sababu kaswende huua mtoto tumboni, na ikiwa ya hatua za mwanzo inatibika kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini.

Lipo la kumuuliza ukiwa naye peke yenu, kwa upole: kuna mtu aliyemlazimisha, kituoni au humo ndani? Kama ni ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia VVU. Zikishapita bado anahitaji kupimwa na kusaidiwa.

Na kama ana mwenza huko nje, naye atibiwe, la sivyo siku akitoka wanaanza upya.

Najua anachoogopa ni kuutaja ugonjwa mbele ya nyapara na selo nzima. Halazimiki. Amwambie askari wa kike, "Afande, naumwa tumbo la chini, naomba zahanati." Mengine atamweleza mhudumu wa afya, na anaweza kuomba awe mwanamke, Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinalisema hilo wazi.